Ndege ya Mchana

Mtu ninayemdharau kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi ndiye aliyenifundisha kurusha ndege. Nimejaribu kuipunguza dharau hiyo, hasa siku za Kwaresima padri anapotukumbusha mambo ya kusamehe. Nimeshindwa, na sasa nimeacha kujaribu.

Nilizaliwa Endamarariek, huko Karatu, kwa wazazi waliolima mahindi, maharage na mbaazi, na walioniambia mapema kwamba hawakuwa na mpango wa kunirithisha jembe. Nikasoma, nikapata nafasi katika chuo cha urubani, na huko nikamkuta yeye. Alifundisha somo lililoogopwa na darasa zima: namna ndege inavyoondoka ardhini, na kwa nini kuna siku inagoma. Tulimwita Mwalimu. Mimi namwita hivyo hadi leo, ingawa heshima ilikwisha zamani, maana ulimi una mazoea yake.

Alikuwa mwalimu mzuri. Hilo siwezi kumnyima, na ndilo linaloniudhi zaidi. Mwaka wetu wa mwisho alitupandisha darasa zima hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Watalii walikuwa wanapiga picha za bonde, sisi tukaamriwa tukimbie kwenye barabara ya vumbi mpaka atakaposema basi. Wenzangu waliotoka Tanga na Dar es Salaam walikatika pumzi mapema, wakainama wameshika magoti. Mimi niliendelea kukimbia, kwa kuwa ndiyo hewa niliyokulia, hadi akaniambia kwa kicheko nisimharibie somo lake. Kisha akatukusanya.

"Mapafu yenu ndiyo injini," alisema. "Huku juu hewa ni nyembamba. Injini inapumua kidogo, pangaboi linakamata kidogo, bawa linabebwa kidogo. Jua likiwaka, hewa inazidi kuwa nyembamba. Na ndege haijui cheo cha aliyeipanda."

Sijapata kukutana na kitabu kilicholieleza jambo hilo vizuri kuliko maneno yale. Kwa hiyo ninayemsimulia hapa si mtu asiyejua. Asiyejua ningemhurumia.

Miaka ilipita, nikawa kapteni katika kampuni ndogo iliyokuwa na ndege ya abiria ya injini mbili za pangaboi. Tuliwatoa wageni nyanda za juu, tukawapeleka pwani na visiwani. Kiwanja chetu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Karatu, njia ya changarawe iliyopita katikati ya mashamba. Upande mmoja palikuwa na barabara ya vumbi ambayo wafugaji waliitumia kushusha mifugo kwenda mnadani. Mwisho wa njia palikuwa na shamba la mbaazi, na baada ya mbaazi korongo refu lililochimbwa na mvua. Tuliondoka asubuhi, hewa ikiwa bado ina ubaridi wa ukungu unaoteremka kutoka msituni, na ndege ilipanda bila manung'uniko.

Manung'uniko yalitoka kwa wenye hoteli na kambi. Mgeni wao, walisema, anataka kushuka kreta alfajiri, amwone faru, apande juu, ale chakula cha mchana, ndipo aruke kwenda kuogelea. Safari ya asubuhi ilimkosesha faru. Walitaka ndege ya mchana, tena iliyojaa. Swali lao halikuwa baya. Mfanyabiashara anauliza anachotaka, na mtaalamu yupo ili amjibu.

Mtaalamu wetu alikuwa Mwalimu. Alikuwa ameacha chuo, akawa mkuu wa safari za kampuni yetu, na kujipatia suti za rangi ya maziwa. Jibu alilijua kuliko mtu yeyote nchini: ndege ile, kwenye njia ile, jua lile, haiwezi kuondoka imejaa. Punguza watu, au ongeza urefu wa njia, au ondoka asubuhi. Lakini jibu la namna hiyo halimpi mtu makofi, na yeye katika uzee wake alikuwa ameonja makofi na kuyapenda.

Aliita mkutano kwenye ukumbi wa hoteli moja pale Karatu. Nilikaa nyuma na rubani wangu msaidizi, kijana mtaratibu aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Mwalimu aliwaonyesha wenye hoteli picha ukutani, akawaeleza mbinu zake. Ya kwanza, tutazima kiyoyozi wakati wa kuondoka ili injini zisigawane hewa yao na abiria. Ya pili, tutashika breki mpaka injini zifikie nguvu zote ndipo tuachie. Ya tatu, vibawa vya nyuma ya bawa tutavishusha kidogo tu badala ya sana, ili ndege ikishaondoka ipande vizuri zaidi. Kila mbinu aliipa faida yake, akazijumlisha faida zote, na jumla yake ikawa ndege iliyojaa watu inayopaa mchana kweupe.

Kila mbinu peke yake ni ya kweli, na mimi nimezitumia zote. Kiyoyozi kikizimwa injini inapata nafuu kidogo. Lakini ukishika breki juu ya changarawe huku injini zinanguruma, pangaboi linafyonza kokoto na kujitafuna lenyewe. Na vibawa vikishuka kidogo, kweli ndege hupanda vizuri ikiwa angani, ila inahitaji njia ndefu zaidi kufika huko angani, na njia ndiyo tuliyokuwa hatuna. Alijumlisha faida zote na hakutoa hasara hata moja. Mwanafunzi wake angefanya hesabu ya namna ile, angemrudisha nyumbani kwa wazazi.

Niliinua mkono, nikamuuliza hiyo njia ya ziada tutaitoa wapi. Alinitazama kwa upole wa mtu anayemwonea aibu mtoto wake mbele ya wageni. Akawaambia kwamba mimi ni binti yake wa darasani, hodari sana, ila bado ninaishi kwenye vitabu. Ukumbi ukacheka. Mwenye kambi moja aliyekaa mbele yangu aligeuka na kunipa tabasamu la kunifariji. Sikumbuki kama nililirudisha. Nakumbuka tu kwamba nilimtazama Mwalimu pale mbele, akipokea kicheko kile kwa kuinamisha kichwa, nikajua kwamba anajua. Hakukosea hesabu. Aliiuza.

Siku ya maonyesho ilipangwa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli. Abiria walikuwa wenye hoteli wenyewe na maofisa wachache, ili washuhudie. Mimi nilipangiwa kurusha, maana Mwalimu alitaka picha ya binti wa Karatu kwenye dirisha la ndege. Greda lilikuwa limepita juu ya njia asubuhi ile kwa heshima ya wageni, na changarawe ilikuwa imelala sawasawa, haina hata alama ya kuku.

Wageni walishuka kreta, wakamwona faru, wakala chakula kirefu chenye hotuba. Walipofika kiwanjani jua lilikuwa kichwani na soksi ya upepo imenyong'onyea kwenye mlingoti wake. Nilipima joto, nikapiga hesabu, rubani msaidizi akapiga yake pembeni, tukalinganisha. Zilifanana. Nikamwambia Mwalimu kwamba theluthi ya watu washuke, waende kwa magari hadi kiwanja cha chini, kile cha lami kule tambarare, tutawachukua huko. Hata hivyo bado wangefika baharini kabla ya jua kutua.

Alipanda nasi hadi chumba cha marubani, akafunga mlango nyuma yake.

"Usiniaibishe," alisema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, haitaondoka. Unajua kwamba haitaondoka."

"Ninachojua ni kwamba nimewaahidi."

"Basi mimi siirushi."

Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba yule mtu wa ukingoni mwa kreta atajitokeza. Badala yake akavua koti lake la rangi ya maziwa, akalitundika vizuri, akaniambia nimpishe kiti. Leseni yake ilikuwa hai bado. Nilimgeukia rubani msaidizi, nikamwambia tushuke wote. Kijana alitazama magoti yake. Nilimwelewa, kwa sababu nyumbani kwao alikuwa ndiye tegemeo, lakini kumwelewa mtu hakunizuii kusema kwamba alipaswa kushuka.

Nilishuka peke yangu, nikaenda kusimama kandokando ya njia, katikati hivi, mahali ambapo ndege ikiwa nzima ya afya huwa tayari imeinua pua. Ng'ambo, kwenye barabara ya vumbi, alikuwapo mfugaji mmoja wa Kimasai, mtu mzima, na ng'ombe wake wachache aliokuwa akiwapeleka mnadani. Alipoona ndege inajipanga aliwakusanya kwenye ukingo wa mbali wa barabara, akasimama mbele yao ameshika fimbo kwa mikono miwili, lubega lake limetulia kwa kukosa upepo. Alijua ng'ombe wanaogopa kelele. Tuliinuliana mikono.

Injini zikanguruma, breki zimeshikwa, na kokoto zikaanza kuruka kama nilivyotarajia. Kisha ndege ikaachiwa. Mtu asiye rubani angeona inakimbia. Mimi niliona inajikokota. Ilinipita magurudumu yote yakiwa chini, pua haijafikiria hata kuinuka, na nikaona nyuso za abiria kwenye madirisha, wengine wameshika simu wanajipiga picha. Kuna mwendo ambao ukishaupita, rubani hasimami tena, anaondoka na Mungu wake. Kabla yake anaweza kufunga injini na kusimama salama. Mwalimu aliupita, akaona mwisho wa njia unamjia, ndipo akakata nguvu na kukanyaga breki. Ndege iliingia kwenye mbaazi na wingu la vumbi jekundu likaifunika.

Nilikimbia. Mfugaji naye aliwaacha ng'ombe wake, akakimbia upande wake, akafika kabla yangu. Ndege ilikuwa imesimama karibu na korongo, gurudumu la mbele limevunjika, pua imelalia udongo kama ng'ombe anayekunywa maji. Hakukuwa na moto. Mfugaji alisimama chini ya mlango na kuwapokea abiria mmoja mmoja kwa mikono yake, akiwaambia pole, pole, kwa Kiswahili chake cha polepole. Mwenye kambi mmoja aliteguka mkono. Wengine walikuwa na michubuko na hofu. Ofisa mmoja mnene aliyepokelewa na yule mfugaji alilaani uchafu uliokuwa kwenye viatu vyake, wala hakumwambia asante.

Mwalimu alitoka mwisho. Alikuwa mweupe midomo, na kwa muda niliokaa nikimtazama nilikuwa tayari kumwonea huruma. Angeweza kusema neno lolote. Angeweza kukaa kimya. Alitazama abiria waliokuwa wamekaa kati ya mbaazi zilizovunjika, wote wakisubiri aseme kitu, kisha akamtazama mfugaji, kisha akawatazama ng'ombe kule barabarani, waliokuwa wameanza kutawanyika kwa kukosa mtu. Nikaona jinsi wazo lilivyomjia. Lilimjia usoni waziwazi, na uso wake ukarudiwa na damu.

"Ng'ombe," alisema. "Ng'ombe walikatiza njia. Ilibidi nisimame."

Watu waliokuwa wakitetemeka walipata mahali pa kuweka tetemeko lao. Yule mnene wa viatu alianza kufoka. Walinzi wa kiwanja wakamshika mfugaji, yeye akiuliza amefanya nini, na kabla sijamaliza kusema kwamba mtu huyu hakuingiza ng'ombe, alikuwa amekwishapakiwa kwenye gari kupelekwa kituo cha polisi. Ng'ombe wake walikusanywa na watu wa Qurus, kijiji cha jirani, waliokuja kuangalia ajali, wakawafunga chini ya mti. Mmoja wao, mama niliyemfahamu kanisani, aliniambia kwa lugha yetu ya Kiiraqw kwamba watawanywesha maji, nisihangaike.

Nilimfuata kituoni kwa gari la mtu. Mwalimu alikuwapo tayari, amevaa koti lake, akitoa maelezo. Alimweleza afande wa zamu kwamba mimi nilikataa kazi mchana ule kwa hasira, na kwa hiyo maneno yangu yapimwe hivyo. Alisema bila kunitazama, kwa sauti ileile iliyonifundisha. Mfugaji alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo yake imechukuliwa, mikono imelala mapajani. Alimwambia afande kwamba ng'ombe wake hawakuingia, alikuwa amewazuia. Aliulizwa nani alimwona. Akanielekeza kwa kidevu.

Afande alikuwa mtu wa umri wangu mwenye uso wa kuchoka. Alituangalia wote watatu. Nikamwambia kwamba hahitaji kuniamini. Greda lilipita asubuhi na changarawe ni laini. Ng'ombe wa uzito ule hakatizi pale bila kuacha alama. Aje atazame kabla watu hawajakanyaga.

Alikuja. Tulitembea naye njia nzima, jua likianza kulegea, yeye mbele, Mwalimu na mimi nyuma, mfugaji kati ya askari wawili. Palikuwa na alama za matairi, zimenyooka kutoka mwanzo, kisha nzito zilizoburuzwa na breki kuelekea mbaazi. Zaidi ya hapo, pote palikuwa pametulia kama greda lilivyopaacha. Mfugaji akaomba ruhusa, akampeleka afande hadi barabarani, akamwonyesha alama za kwato za ng'ombe wake zilizojaa kwenye ukingo wa mbali, zimekanyagana mahali pamoja. Hakuna iliyovuka.

Mwalimu alikohoa. Akasema inawezekana vumbi lilimdanganya, labda waliokatiza walikuwa swala.

Afande alionyesha kwa kidole changarawe isiyo na alama.

"Swala naye ana kwato, mzee," alisema, akageuka kuwaambia askari wamrudishie yule baba fimbo yake.

Sikucheka. Nilikuwa natazama mtu aliyekuwa bora kuliko wote niliowajua, akitafuta mnyama wa tatu. Mfugaji alipokea fimbo yake, akamwinamia afande kidogo, akaniambia, "Asante, mama," akaenda kuchukua ng'ombe wake. Mnada ulikuwa umekwisha. Mwalimu hakumwomba radhi. Wala hakuniomba mimi.

Wakaguzi wa ndege walikuja baadaye, watu wasio na maneno mengi. Walisoma kumbukumbu za mitambo, wakaongea na rubani msaidizi, naye kwa sifa yake aliwaambia yote, pamoja na kwamba hakuona ng'ombe. Waliandika kwamba ndege ilikuwa nzito kuliko hewa ya mchana ule ilivyoweza kubeba. Kampuni ilimuaga Mwalimu kwa sababu za kiafya. Kulikuwa na keki na hotuba, na aliyetoa hotuba alimsifu kwa ujasiri wa kusimamisha ndege. Niliondoka kabla keki haijakatwa.

Kisha kampuni ikajenga uzio kando ya barabara, wa nguzo imara na waya mpya, kuwazuia ng'ombe ambao hawakuwahi kuingia. Walikata na utepe. Ni uzio mzuri. Wafugaji wanaanika malubega yao juu yake mvua ikikatika.

Kilichoisaidia ndege kuondoka hakikukatiwa utepe wowote. Tuliirefusha njia upande wa mwanzo, mbali na korongo, na mwenye mbaazi akafidiwa kwa shamba lililoharibika. Tunapima watu na mabegi. Tunajaza mafuta ya kutufikisha kiwanja cha chini tu, na huko, ambako hewa ni nzito na lami ni ndefu, tunajaza yaliyobaki. Na tunaondoka asubuhi. Wenye hoteli walilalamika msimu mmoja, kisha wakagundua kwamba mgeni anaweza kushuka kreta siku moja kabla na faru yuleyule akamwona. Ikawa kana kwamba hakuna aliyewahi kutaka jambo jingine.

Mwaka jana Mwalimu alipanda ndege yangu. Alikuwa na mkewe, mama mpole ambaye sikuwahi kukutana naye, wakienda pwani kwenye harusi. Nilikuwa nimesimama karibu na mizani kama kawaida yangu, maana napenda kuona ninachobeba. Alinikumbatia mbele za watu, akamwambia mkewe kwamba mimi ni zao la mikono yake. Kisha akamweleza, kwa sauti ya kusikika na waliokuwa nyuma, kwamba utaratibu huu wa kuondoka asubuhi na kupima mizigo yeye ndiye aliyeuanzisha, baada ya utafiti mrefu.

Begi lake lilizidi uzito. Kijana wa mizani alinitazama. Mwalimu naye akanitazama, akitabasamu.

"Binti, mimi unanifahamu," alisema.

"Ninakufahamu, Mwalimu. Litafuata kwa gari."

Tabasamu lilibaki mahali pake bila kujua pa kwenda. Mkewe ndiye aliyeinama, akafungua zipu, akatoa jozi mbili za viatu vya mumewe na lile koti la rangi ya maziwa, akavikabidhi kwa dereva wa hoteli bila kumuuliza mwenyewe. Begi likapimwa tena, likapita.

Tuliondoka katika ubaridi, ukungu ukiwa bado umekalia msitu. Tulipotua pwani nilisimama mlangoni kuwaaga abiria. Mkewe alinishukuru kwa safari. Yeye alinipa mkono, akasema wakati wa kuondoka nimeinua pua ya ndege mapema kidogo. Niliupokea mkono, kwa kuwa napokea mikono ya abiria wote, kisha nikamgeukia mama aliyekuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, nikamsaidia kushuka ngazi.